Ashore si Offshore

Upepo ukivuma, fundi cherehani hakutulia. Mumewe alikuwa baharia, mpishi wa melini, na kila bati lilipogonga, yeye aliona meli inapinduka. Mdogo wake, mwalimu wa Kiingereza, ndiye aliyekuja kukaa naye, wakashikana mikono wakaomba.

Mwanzoni mume aliandika kwenye simu kwamba yuko "offshore". Baadaye, mwaka mzima sasa, ikawa "ashore": bado niko ashore, usinitarajie karibuni. Fundi, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye vipimo vya suruali, akamuuliza mdogo wake tofauti.

"Ni mamoja, dada. Kote ni baharini. Hao mabaharia wana mbwembwe tu."

Akaamini. Angeachaje kumwamini mtoto aliyemlea mwenyewe, akamsomesha kwa cherehani hiyohiyo?

Siku moja akapeleka sare shuleni. Alipokuwa akipita chini ya dirisha la darasa, furushi kichwani, akasikia sauti anayoijua.

"Offshore, mbali na pwani, majini. Ashore, nchi kavu, mtu keshateremka. Mkizichanganya mtamzamisha mtu aliyejikalia zake sebuleni!"

Darasa likaangua kicheko. Fundi naye nusura acheke, maana mdogo wake ana vichekesho tangu utotoni. Kisha akalitua furushi, akakaa juu ya sare za watoto wa watu.

Kengele ikalia. Mwalimu akatoka na vumbi la chaki mikononi, na alipomwona dada yake pale chini, uso ukamshuka.

"Yuko kwa nani?" fundi akauliza.

"Dada, shemeji aliniomba nisikwambie. Alisema atakwambia mwenyewe..."

"Nimekuuliza, kwa nani?"

"Ana mke huko. Na mtoto." Mwalimu akaanza kulia. "Sikutaka uumie."

Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alishona nguo za mtaa mzima asipekue yake. La mume lilimuuma, tena sana. La mdogo wake lilimkata maini.

"Shemeji yako aliniambia kweli," akasema, "ila kwa lugha nisiyoijua. Uongo nimeupata kwako. Haya niambie, mwalimu: upepo ulipovuma, ukanishika mkono tukaomba, tulikuwa tunamwombea nani?"