Maji Yaliyopigwa Sindano

Kwetu Goma maji hupigwa sindano. Mgeni akisikia hivyo hucheka, lakini ndivyo ilivyo. Asubuhi wanawake wa Keshero wanateremka ziwani na bidoni zao, madumu ya njano, na pale ufukweni anasimama mtu wa kujitolea mwenye ndoo ya klorini na bomba la sindano lisilo na ncha. Bidoni ikijaa, anavuta dawa na kuifyatulia ndani. Tulianza hivyo tangu kipindupindu cha miaka ya wakimbizi, kilipozoa watu mpaka wakakosa wa kuwazika. Mtoto wa Goma haulizi maji yametoka wapi. Ananusa bidoni, na yakinuka dawa anakunywa.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotuponza.

Mimi nilikuwa sekretari katika idara ndogo ya serikali, kule Himbi, iliyopewa kazi ya kuchunga gesi ya ziwa. Chini ya ziwa letu kuna gesi, na kampuni moja ilikuwa imeweka jukwaa la chuma majini ili kuivuta. Inavuta maji ya kilindini, inayatenga na gesi, halafu inabaki na maji yaleyale, yananuka yai bovu na yana chumvi za huko chini ambazo hata wasomi wetu walizitaja kwa kusitasita. Mkataba ulisema yarudishwe kilindini. Baadaye kampuni ikaomba kuyatumia tena: yatulie kwenye matangi, yachujwe, kisha yamwagwe barabarani kutuliza vumbi la mawe ya volkano. Ruhusa ikatoka Kinshasa, na ndani yake iliandikwa kwamba idara yetu itayapima. Kwa pesa ya nani, hilo halikuandikwa.

Idara yenyewe ilikuwa vyumba viwili na boti moja iliyolala nchi kavu kwa kukosa mafuta. Wakaguzi wetu wakitaka kwenda kukagua, walipanda boti ya kampuni, wakavaa makoti ya kampuni, na kule jukwaani wakakaangiwa sambaza, dagaa wa ziwa letu, na mpishi wa kampuni. Walirudi wameshiba. Nilikuwa nikiwaona wakishuka nashikwa na hasira ya kutaka kuwarushia kiti.

Kisha vita ikateremka kutoka upande wa Rutshuru. Mdogo wangu, aliyekuwa ameolewa huko, alifika kambi ya Kanyaruchinya na binti yake wa miaka mitatu mgongoni. Mumewe walikuwa wamepotezana naye njiani. Nilimwambia aje kwangu, nyumba ipo, kitanda kipo. Akakataa kabisa. Akitoka kambini angepoteza jetoni, kadi ya kupokelea chakula, tena mumewe akiwa hai angekuja kumtafuta pale, si kwangu. Mdogo wangu ana kichwa kigumu kama mama yetu, na nilimwacha kwa sababu hoja yake sikuweza kuipinga.

Jumapili moja baada ya misa nilipanda kumwona. Nilikuta lori la tangi limesimama katikati ya mahema, watu wamelizunguka na bidoni. Nililijua lori lile. Ubavuni lilikuwa na maandishi mekundu ya Kifaransa kwamba maji haya si ya kunywa. Lilikuwa lori la kampuni, lile la vumbi. Wakubwa walikuwa wamekubaliana, bila sisi kuulizwa, kwamba wahamaji wa vita nao wapewe maji yale ya kuoga na kufulia, maana ya kunywa yalikuwa machache mno. Tatizo ni kwamba familia ya kambini ina bidoni moja. Maji yakishaingia humo, ni maji.

Nilimkuta mdogo wangu anamnywesha binti yake kwa kikombe cha plastiki.

"Hii umetosha kwa ile kamio?" nilimuuliza, nikitaka kujua kama ameyatoa kwenye lori.

"Ndiyo, yaya," alisema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Iko muzuri. Unusa, imepigwa sindano."

Nikanusa. Kweli, yalinuka klorini, kali kuliko ya ziwani. Nilimwendea dereva wa lori nikamuuliza nani ametia dawa.

"Ni shiye, mama," alisema akijigusa kifua. "Batu balikuwa banalalamika juu ya harufu, njo bakubwa bakatuambia tutie."

Hakuna aliyetaka kumdanganya mtu. Walitaka tu kuua harufu ya yai bovu, na katika mji mwingine wowote wangeua harufu ikaishia hapo. Huku kwetu walikuwa wametangaza kwa kambi nzima kwamba maji ni salama. Nikarudi nikamwaga kile kikombe mbele ya mtoto, naye akalia kwa kiu.

Jumatatu niliweka chupa ya maji yale juu ya meza ya shefu wetu, mkuu wa idara. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye kushona upya kola za mashati yake. Akafungua, akanusa, na nikaona uso wake unalegea.

"Iko na dawa," alisema.

Hata yeye! Ilibidi nimweleze kama mwanafunzi, klorini inaua vijidudu, lakini chumvi na madini ya kilindini inayaacha kama yalivyo. Akafunga chupa taratibu.

"Mama, kuchunga kitu iko na bei. Nani atalipa?"

Akanihesabia milango aliyokwisha kubisha. Laboratwari ya hapa ilipima vijidudu tu, hivyo maji yalitakiwa kusafirishwa nje kwa ndege, ndani ya barafu. Jimbo lilisema ruhusa ni ya Kinshasa, Kinshasa ilipe. Kinshasa ikasema ushuru unakusanywa na jimbo, jimbo lilipe. Wafadhili walisema bajeti yao ni ya maji ya kunywa, na haya, kama ilivyoandikwa kwenye lori, si ya kunywa. Kampuni peke yake ilikuwa tayari kulipa, mradi yapimwe kwao.

"Tukikamata mafranga yao, kontrole itakuwa yao," alisema. "Miye siwezi."

"Basi simamisha kamio."

"Bila rezilta ya kupima? Banafunga biro yetu kesho."

Alikuwa mwaminifu, na uaminifu wake haukumsaidia mtoto hata kidogo. Nilitoka nikaubamiza mlango.

Nilirudi kambini mara nyingi. Nilimwambia mdogo wangu, nikawaambia majirani zake, nikasimama karibu na lori nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wengine walinisikiliza. Wengine waliniuliza wanywe nini, na nilikuwa na bidoni mbili tu nilizobeba kwa chukudu, kile kigari chetu cha mbao cha kusukuma. Wamama wa shirika letu la parokia ndio waliochanga pesa ya kusafirisha ile chupa, kila mmoja na alichonacho, wakati nyumbani kwao hao hao kulikuwa na ndugu waliokimbia vita wanaolala sebuleni. Tuliipakia kwenye sanduku la barafu la muuza samaki, nikaliweka ofisini kwetu. Wiki hiyohiyo mizinga ikasikika karibu, na uwanja wa ndege ukafungwa.

Kambi ya Kanyaruchinya ilihama mchana mmoja. Mdogo wangu aliingia kwangu na vumbi mpaka kwenye kope, binti yake mgongoni, uso wa mtoto umevimba na macho yamebaki mistari. Mtoto hakuwa anakojoa vizuri. Idara ilivunjwa milango siku zilizofuata, na sanduku la barafu likaenda na wenye bunduki, chupa na yote.

Hospitalini daktari alimbonyeza mtoto miguu, akatazama alama za vidole vyake zinavyobaki.

"Ile mayi alikuwa anakunywa, ilikuwa na nini ndani?"

"Miye sijue, dokta," mdogo wangu alisema, akanigeukia. "Yaya njo anajua. Anatumikaka kwa biro ya kuipima."

Nilimwambia daktari kwamba hatukuyapima. Hakunilaumu. Alimtibu mtoto kwa kubahatisha, jambo moja likishindwa anajaribu lingine, na figo zikaamka kidogo kidogo. Mdogo wangu alikaa siku zile bila kunitazama.

Binti yule sasa anasoma sekondari, mrefu kuliko mimi. Idara ilipata jina jipya na jengo jipya, na sijasikia kama ilipata mafuta ya boti. Mtoto akivimba uso asubuhi, au akichoka bila sababu, mama yake ananipigia mimi simu kabla ya daktari.

"Yaya, ni ile mayi?"

Kila mara namwambia sijui, na kila mara hakati simu, anangoja niseme kingine.