Baruti Vivu

Jikoni kwenye hoteli ninakofanya kazi, hapa Dubai Marina, mpishi akimimina ufuta kwenye bakuli la mizani, ule mchakacho wa chembe kavu juu ya bati hunipandisha hasira kabla sijajua nimemkasirikia nani. Wenzangu huuliza, "Dada Ashura, leo umekula pilipili?" Nawaambia ni joto. Sio joto. Ni baruti.

Nyinyi nawaambia ukweli, ingawa sina hakika kama nitaueleza sawasawa. Shule yangu ilikuwa fupi, na mtaona kwa nini.

Baba alikuwa mtu wa Tabora, amekulia kwenye kambi za wawindaji wa kigeni. Huko ndiko arbab, yule bwana wetu Mwarabu, alikomkuta, akapenda ule utulivu wa mikono yake, akamleta Dubai amtunzie bunduki na kumtengenezea risasi za kuwindia. Mama akawa mpishi, mimi nikaja nao. Tulipewa chumba nyuma ya jumba, na niseme haki, kilikuwa na kiyoyozi. Tena mabinti wa arbab walinikalisha mezani kwao, nikajifunza kuandika Kiarabu kwa mwalimu wao. Hayo siyafuti kwa sababu ya hasira.

Kila Ijumaa asubuhi nilikaa na baba kwenye chumba chake cha kazi, chenye harufu ya mafuta ya bunduki na shaba iliyosuguliwa. Makopo ya baruti yalikuwa kadhaa, na yeye alinifundisha kuyatofautisha. Chembe zake kavu alizimimina kwenye bakuli la mizani, zikichakacha kama ufuta. Ganda dogo la risasi hupewa baruti inayowaka upesi. Ganda kubwa la kuulia nyati, lenye risasi nzito, hutaka inayowaka taratibu, iisukume risasi mtutu mzima. "Makande hayaivi kwa moto wa mabua," alikuwa akisema. Ukijaza ya upesi mle, yote hulipuka kwa mpigo, bunduki ikampasukia usoni aliyeishika.

Nilikuwa na miaka kumi siku aliyoingia shemeji yake arbab na kopo lake la baruti mkononi. Kijana mcheshi, aliwahi kunipa chokoleti, nalo ni la kweli.

"Nijazie hii, yalla. Wiki ijayo nakwenda kwenu kuwinda nyati."

Baba alilitazama kopo, akalirudisha mezani. "Sir, hii ni ya bastola."

"Hii kali! Ile yako kaslan. Baruti vivu, kama mwenyewe."

Akacheka. Arbab, aliyekuwa amesimama mlangoni, naye akacheka. Mimi pia nilicheka, nawaambia kwa aibu, maana neno kaslan nilikuwa nimelijifunza wiki ile ile.

"Ile yangu inachelewa lakini inafika, sir," baba akasema. "Hii itakuua."

Arbab akaacha kucheka. Kuna maneno hayasemwi mbele ya mwenye nyumba, na lile lilikuwa mojawapo.

"Huyu mgeni wangu," arbab akasema. "Jaza."

"Siwezi, sir."

"Jaza, au khalas, kazi imekwisha."

Baba akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Basi khalas, sir."

Arbab ndiye aliyekuwa kafeel wetu, mdhamini. Kazi, chumba, kibali cha kukaa nchini na kile kiti changu mezani, vyote vilikuwa mkononi mwake, akavifunga kwa neno moja. Tiketi za kurudi alitulipia, hilo nalo nilitaje.

Mama alimlilia baba. "Mume wangu, si ungejaza chache tu, akaridhika?" Mimi sikulia. Nilimkasirikia baba hadi nikashindwa kula. Kwangu mimi alikuwa ametunyang'anya Dubai kwa ajili ya uso wa mtu aliyemwita mvivu. "Mwache apasuke!" nilimwambia, na hakunipiga. Nilitamani anipige.

Asubuhi ya kuondoka aliniita kwenye chumba cha kazi. Kopo la shemeji lilikuwa bado mezani. Akanipa kipande cha karatasi ya gundi na kalamu nene.

"Andika kwa Kiarabu kwamba hii haifai kwa bunduki kubwa. Akijaza mwenyewe, aone."

"Sijui maneno yote hayo."

"Andika unalolijua."

Nikaandika neno moja, khatar, kwa kukandamiza kalamu.

"Ndiyo nini?"

"Hatari."

"Kumbe ni letu hilo," akasema, karibu atabasamu. Kuandika Kiarabu hakujua, lakini herufi za msahafu alizijua vizuri. Akainama, akalichungulia neno langu. Kisha akachukua kalamu, akaweka nukta juu ya herufi ya kwanza. Bila nukta ile, khe inakuwa he, na neno zima linakuwa upuuzi.

"Sasa linasomeka," akasema. Akalibandika koponi, akalipigapiga kwa kiganja lishike.

Nilikuja kusikia kwamba shemeji yule yu mzima. Kama alilisoma neno lile, au aliahirisha safari tu, sijui, na sitamsingizia. Nimerudi Dubai kwa miguu yangu, napima ufuta wa watu, na arbab bado namkasirikia, haki yote niliyomtendea hapa haijanipunguzia. Lakini baba sasa namwelewa. Naye alikuwa na hasira asubuhi ile, niliuona mshipa wa shingo umesimama. Alikuwa nayo, na bado akaweka nukta.

Ninachoshindwa ni changu mwenyewe. Nikijipima, sijui kama nukta ile niliisahau au niliiacha makusudi. Baba hakuniuliza, mpaka tukamzika. Laiti angeniuliza.