Uso wa Kuuzia Wimbo wa Cheptoo

Cheptoo alichuma chai Kimulot tangu usichana, na alichuma akiimba. Hakuimba kujiburudisha. Aliimba kwa hasira, akimtaja karani anayepunja kwenye mizani na mume anayekunywa bonasi yote, na wanawake wa mistari ya jirani waliitikia. Nicholas, mtoto wa kaka yake mwenye duka la kanda Sotik, alipomrekodi, wimbo ule ulichezwa kila kituo cha kuuzia majani, hadi Kiptere.

Mwaka wa 1999 Nicholas alimwita dukani aone maajabu. Rafiki yake anayesoma Amerika alikuwa ameutangaza wimbo kwenye mtandao wa kompyuta, na ukurasa wenyewe, umechapishwa kwa rangi, ulibandikwa ukutani. Msichana mwembamba, nywele zimenyooshwa, ameshika jani la chai kama anayeshika sigara. Chini yake: Malkia wa Chai.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, senge," Nicholas akajibu, akimwita shangazi kwa lugha ya kwao. "Yaani, sauti ni yako, shangazi yangu."

"Na sura?"

Nicholas alicheka kidogo. "Sasa senge, hayo masikio... Watu wa mtandao wanataka kitu freshi. Huyu wanamwandikia kila wiki! Mmoja anataka kumuoa. Na wimbo wa pili wanausubiri."

"Huyo bwana alete ng'ombe kwangu."

Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Masikio yale alitobolewa na nyanyake, yakavutwa mpaka ndewe zikakaribia mabega. Kanisani waliposema ayashone, alikataa. Sasa mtoto aliyembeba mgongoni ndiye anayeyaficha. Ndivyo ilivyo biashara hii mpya: inachukua koo la mtu na kuionea haya shingo yake.

Akaanza kuimba palepale. Watu wakajaa mlangoni.

"Huyu mama anamuiga Malkia vizuri!" kijana mmoja akapiga makofi.

"Waambie," Cheptoo akamwambia Nicholas.

Nicholas akainama, akajifanya anapangusa kanda.

"Haya," Cheptoo akasema. "Wimbo wa pili atauimba huyo wa ukutani."

Wiki hiyo Nicholas alimfuata Kimulot na kinasa sauti. Wanawake walikuwa wanaimba. Alipobonyeza kitufe wakanyamaza wote, Cheptoo wa kwanza, vidole vikizidi kasi. Nicholas alingoja mpaka vikapu vikajaa. Alirudi Sotik na kanda yenye sauti ya majani yakichumwa, basi.