Ziwa Nililoligeuza Kilima

Nilikasirika kwelikweli. Wiki nzima Mzee Anyimike, mpimaji wetu wa maji pale Tukuyu, alikuwa ametumwa kwa mtumbwi akashushe kamba kupima kina cha ziwa la volkano, nami nikaziingiza namba zake kwenye kompyuta mpya ya mradi. Ramani ilipochapishwa, katikati ya ziwa palisimama kilima!

"Huyu hakupanda mtumbwi," nikamwambia mkuu wa ofisi. "Alikaa kijijini Kyimo akila ndizi, akatunga namba."

Nikaandika barua aondolewe kazini. Nani angenibishia? Ofisi nzima, mimi peke yangu ndiye niliyesomea kompyuta, majuma mawili Mbeya.

Tukaitwa kikaoni mbele ya mhandisi wa mradi. Nikasema kwa sauti ya juu kwamba watu wa namna hii ndio wanaorudisha nchi nyuma. Mzee akajibu taratibu, "Mwanangu, viganja hivi vimebabuka kwa kamba."

Mhandisi akafungua programu ya ramani, kwenye ukurasa wa kuelekeza kila safu ya namba mahali pake, akatugeuzia kioo cha kompyuta tuone sote.

"Safu ya kina cha maji imeelekezwa kwenye urefu wa milima," akasema. "Ndiyo maana penye kina kirefu pamekuwa kilele. Nani alipanga hivi?"

Chini ya ukurasa, programu ilikuwa imeandika jina la aliyepanga. Mkuu wa ofisi akainama, akalisoma kwa sauti: jina langu, na la baba yangu.