Bibi Alipompa Mjomba Hati

Juzi nilimsindikiza bibi kutoka Magamba kwenda kwa wakili, Lushoto mjini. Magoti yake yamechoka kushuka benki kila mwezi, kwa hiyo alitaka kumpa mjomba hati ya uwakilishi ili awe anamtolea fedha zake. Mjomba alitutangulia, amevaa koti la harusi.

Wakili akasoma kwamba mjomba atashughulikia fedha zote "kana kwamba ni mama mwenyewe."

Bibi akazuia kidole chenye wino hewani. "Yaani nikibonyeza hapa, huyu amekuwa mimi?"

"Kwa mambo ya fedha, ndiyo, bibi."

"Fedha zangu zinatoka kwa ng'ombe. Basi kesho alfajiri akakate majani, ayabebe kichwani mpaka nyumbani."

Mjomba akacheka peke yake. Kwetu mwanamume akionekana na mzigo wa majani kichwani, soko zima litamzungumzia.

"Mama, hayo hayamo kwenye hati!"

"Haya, wakili, ipunguze. Andika dawa zangu na chumvi ya ng'ombe. Pikipiki usiandike."

Hakuna aliyekuwa ameitaja pikipiki. Mjomba akainama kutazama viatu vyake.

Kumbe urefu wa hati hutegemea jinsi mama anavyomjua mwanawe. Ya bibi ilitoka mistari minne.