Suruali ya Mkata Miti

Mume wangu hukata miti kwa msumeno wa mashine, ule ambao huku Kibiti tunauita chenso. Kazi hiyo hakuirithi. Kwao ni Salale, kule delta ya Rufiji, na baba yake, Mungu amrehemu, alikata mikoko kwa shoka maisha yake yote, miguu mitupu ndani ya tope. Mashine mume wangu alijifunza alipopata kibarua cha kufyeka njia ya nguzo za umeme. Mkandarasi alipomaliza kazi aliwaachia vibarua mavazi waliyokuwa wakivaa, na ndivyo alivyorudi nyumbani na kiroba kilichotuna, akakimwaga sebuleni: kofia ngumu yenye wavu wa kushusha usoni na viziba masikio pembeni, glavu, buti zenye chuma puani, na suruali.

Suruali ile nilikuwa naifua mimi, kwa hiyo naijua. Ilikuwa rangi ya chungwa, nzito, mapajani imejazwa kama godoro la mtoto mchanga. Ikilowa sikuiweza peke yangu. Tuliishika mimi huku na yeye kule, tukainyonga mpaka maji yatoke. Aliniambia ndani mna nyuzi ndefu, na kwamba msimamizi wao aliwaeleza kuwa mnyororo wa msumeno ukigusa pale, nyuzi zinatoka na kuuzuia.

Nikamuuliza, "Nyuzi zizuie mashine inayoangusha mkorosho?"

"Ndivyo alivyosema. Mimi mwenyewe sijaona."

Aliendelea kuivaa kwa sababu alishaizoea. Kwa mkandarasi, asiyevaa alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo, na mazoea yale hayakumtoka. Watu wa barabarani walimcheka. Jua letu mnalijua, na yeye alipita kwenye bodaboda amevimba kama mzimamoto, jasho linamtiririka. Alikuwa akiwapungia mkono tu.

Masika ya mwaka juzi upepo uliangusha mkorosho mkubwa katika shamba la mjomba wangu, kaka yake mama, upande wa Mchukwi. Mti wenyewe ulikuwa umezeeka, lakini ulikwenda kuwalalia wenzake wawili ambao bado walikuwa wakizaa vizuri. Mjomba akatuita. Mimi nilitangulia asubuhi nikasaidie kupika, mume wangu akaja na mashine yake.

Mjomba alimtazama akivaa. Alikuwa amesimama na shati lake la mikono mifupi na kandambili, mikono nyuma.

"Mkwe, unakwenda vitani au unakata kuni?"

"Nakata kuni, mjomba."

"Mimi nimekata miti tangu sijaoa. Sijawahi kuvaa godoro."

Mume wangu akacheka, akafunga mkanda wa kofia, akamwomba asogee mbali. Mjomba alisogea, lakini si mbali sana.

Chakula kilipokuwa tayari nilikwenda kuwaita. Mkorosho, wanaoujua wanaelewa, haukui kwa kunyooka. Matawi yake yanatambaa na kujipinda, na ukianguka, yale yaliyo chini yanabeba uzito wote, yamebanwa kama mtego. Mume wangu alikuwa amefika kwenye tawi la namna hiyo. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa, naona kila kitu, nangoja azime mashine nimwambie wali uko tayari.

Tawi likafyatuka. Sikuona lilivyokwenda. Niliona mashine ikiruka juu mikononi mwake, ikageuka, ikashuka kwenye paja lake la kushoto, juu kidogo ya goti. Ilitoa mlio ambao sikuwahi kuusikia, kama mtu aliyekabwa katikati ya neno. Kisha ikanyamaza. Kwenye paja pakafumuka kitu cheupe, kingi, kikaning'inia.

Nilijua ni mishipa. Nimekwisha kuona mbuzi akichinjwa, nimeona ng'ombe, nikajiambia hiyo ni mishipa na mafuta ya mume wangu. Nilikaa chini, palepale kwenye majani. Watu husema ungepiga kelele. Hakuna kelele iliyokuja.

Mume wangu naye alikuwa amekaa chini, msumeno juu ya paja, hakuutazama. Alikuwa ananitazama mimi. Aliinua wavu wa kofia, uso wake umekuwa wa majivu.

"Mama watoto," akasema, "mguu upo?"

Nilijiburuta mpaka alipo, nikavua kanga yangu ya juu, nikaizungusha kwenye paja, juu kidogo ya pale ilipolala mashine, na kukaza kwa nguvu zangu zote. Nilishafundishwa na mama yangu kwamba damu inazuiwa kwa kubana. Nikaweka kiganja juu ya pale palipofumuka, nikabonyeza, nikafumba macho na kungoja kilowe.

Mjomba alifika, akataka kuung'oa msumeno.

"Usiuguse," mume wangu akamwambia. "Utautoa pamoja na mguu."

Nikaendelea kubonyeza. Kiganja kilikuwa kikavu. Nilifikiri nimekosea mahali, nikasogeza mkono chini, nikasogeza juu. Kikavu. Nilifungua macho nikakitazama, na kiganja changu kilikuwa na mafuta ya mashine na unga wa mbao, basi. Badala ya kufurahi niliogopa zaidi. Nilidhani damu yote imekwisha kumwagikia ndani, au mtu akishtuka sana damu hugoma kutoka. Akili yangu haikuwa na mahali pa kuuweka ukavu ule.

Msumeno ulikuwa umenasa kwenye suruali, haubanduki. Nyuzi zilikuwa zimejisokota kwenye gurudumu la meno mpaka zimekuwa kitu kimoja, kama uzi ulionasa kwenye cherehani. Mjomba alizikata kwa kisu, akainua mashine kwa mikono miwili, akaiweka kando taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Hakuna kati yetu aliyethubutu kupanua ule mpasuko na kuchungulia.

Tulimpakia kwenye bajaji ya jirani, mguu umenyooshwa juu ya magoti yangu. Njia nzima mume wangu alikuwa anasema hausikii mguu. Alisema kwa sauti ya chini, ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya unga. Kisha akaniambia nikirudi nisiwaambie watoto mpaka yeye mwenyewe awepo.

Hospitalini muuguzi alileta mkasi akate suruali. Mkasi uliingia kidogo ukakwama. Akaleta mwingine, nao ukakwama. Mwishowe akamfungua mkanda na kumvua suruali kama mtu yeyote anavyovuliwa suruali. Niligeuza uso ukutani.

Kisha muuguzi akasema, "Mama, geuka."

Paja lilikuwa zima. Lilikuwa na mstari mwekundu, mrefu kama kidole, na uvimbe uliokuwa umeanza kugeuka rangi. Ngozi haikuwa imefunguka. Muuguzi aliishika suruali, akalishika paja, akarudia suruali. Alimwita mwenzake aje aone.

Mume wangu aliinuka kwa viwiko, akautazama mguu wake kwa muda mrefu.

"Huu ni wangu?" akauliza.

"Ni wako," muuguzi akasema. "Chezesha vidole."

Vidole vikacheza. Hapo ndipo mume wangu alipotapika, akaanza kutetemeka, meno yanagongana mchana wa jua kali. Walimfunika mablanketi wakamlaza mpaka jioni. Si kwa ajili ya jeraha, kwani jeraha halikuwepo. Walisema mwili umepata mshtuko, uachwe upumzike. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda, nimeushika ule mguu juu ya kifundo. Sikuuachia hata walipokuja kumpima.

Tulirudi nyumbani tukidhani yamekwisha. Kumbe mjomba, katika kuchanganyikiwa kwake, alikuwa amepiga simu Salale, na mtandao wa kule unajulikana. Alisema msumeno umemkata mguuni. Kilichofika ni kwamba mguu umekatwa.

Kesho yake alasiri mama mkwe wangu akaingia uani. Alikuwa amengoja maji yajae ndipo boti itoke, kisha akapanda bodaboda mpaka kwetu, nguo zimelowa chumvi mpaka magotini. Mkononi alikuwa na mkoba wa ukili. Nilikwenda kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeuweka wapi?"

Sikumwelewa. Akafungua mkoba akanionyesha kipande cha bafta nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri. Alikuja kuuvisha mguu wa mwanawe aupeleke ukazikwe. Njia nzima kwenye mikoko alikuwa amekipakata kitambaa kile.

Mume wangu alisikia sauti ya mama yake, akatoka ndani, anachechemea kidogo kwa sababu ya uvimbe. Mama mkwe akamtazama usoni, kisha miguuni, kisha usoni tena. Mkoba ukamponyoka. Alikwenda akapiga magoti mbele ya mwanawe, jambo ambalo mama halifanyi, akaushika mguu ule kwa mikono yote miwili, akauminya kuanzia pajani mpaka kwenye unyayo, anautafuta ulipoungwa.

Tulimwonyesha suruali. Alikaa nayo mkekani, akaingiza vidole kwenye mpasuko, akavuta uzi. Akavuta, akavuta, ukazidi kuja.

"Mzee wako," akasema hatimaye, "shoka lilimwingia hapahapa. Nilimfunga kwa jani la mgomba. Hakupiga hatua nzima tena mpaka anakufa." Akaendelea kuvuta. "Angeivaa hii matopeni?"

"Asingeivaa, mama. Angecheka."

"Angecheka," mama mkwe akakubali, na hapo ndipo alipolia.

Suruali ile tuliipeleka kwa fundi cherehani pale Kibiti mjini. Fundi aliigeuzageuza, akasema ataishona mtu asijue kama ilipasuka. Mume wangu alifikiri, akaichukua. Alimwambia fundi kwamba kilichomwokoa kilikuwa ndani, na cha ndani kimekwisha kutoka. Akaining'iniza chumbani, akaniambia hatakata mti mpaka apate nyingine. Msimu ule alilima mpunga na ndugu zangu. Waliokuja kumwita kwa kazi aliwarudisha, na wengine waliudhika. Mkorosho wa mjomba ulibaki umelala vilevile, majani yamekauka yamepukutika.

Suruali nyingine ilikuja na basi kutoka Dar es Salaam, alimwagiza rafiki yake wa zamani wa kazini. Siku aliyoivaa tulirudi wote shambani kwa mjomba. Mjomba alikuwa amevaa buti za mvua. Hakusema neno kuhusu godoro. Alisimama mbali kabisa, kwenye mpaka wa shamba, na akanikataza mimi nisisogee.

Nilikaa jikoni nikisikiliza mashine ikinguruma. Ikinguruma nilitulia, kwa sababu najua mikono yake iko kazini. Halafu ikanyamaza ghafla.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka mchanga chini ya miguu yangu na mjomba akiniita kwa nyuma. Nilimkuta mume wangu amekaa kwenye gogo, kofia kando, anajaza petroli.

"Mbona unakimbia?" akauliza.

"Nimekuletea maji ya kunywa."

Akaitazama mikono yangu. Haikuwa na kitu. Alifunga kifuniko cha tangi, akajisogeza kwenye gogo ili nipate nafasi, na tukakaa pale mpaka pumzi ikanirudi.