Nenosiri la Mama Katibu

Mara ya kwanza nilipoiona kompyuta ya mbali ikifunguka ndani ya kompyuta niliyokuwa nimeipakata, nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa tena. Bado ilikuwepo. Kishale kilitembea juu ya skrini ambayo kwa kweli ilikuwa imewekwa juu ya meza nyingine, katika chumba kingine, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa pikipiki kutoka pale nilipokaa.

Wiki hiyo nilikuwa nimeajiriwa kuwa karani wa ofisi ndogo ya parokia yetu huku Rugera. Vitabu vyote vya ubatizo, kipaimara na ndoa vilikuwa vimeingizwa katika kompyuta ya ofisi kuu, na aliyeviingiza, mstari kwa mstari, ni katibu wa parokia. Alikuwa Mhaya wa Muleba aliyekuja Karagwe akiwa bibi arusi na hakuondoka tena. Sote tulimwita Mama Katibu. Siku hiyo alikuja Rugera mwenyewe, kompyuta mpakato ya kazi yangu ikiwa imefungwa ndani ya kitenge mgongoni kwake kama mtoto.

Fundi wa Bukoba alikuwa ameshaziunganisha mashine hizo mbili kwa intaneti. Kilichobaki ni jina na nenosiri, na kompyuta ya ofisi kuu ilimtambua mtu mmoja tu, yeye.

"Geuka kidogo, mwanangu," aliniambia.

Nikageukia dirishani. Nikasikia vidole vyake vikipita juu ya kibodi upesi upesi, mikono yote miwili.

"Siyo kwamba sikuamini," alisema. "Humu mna watu. Mna waliozaliwa nje ya ndoa, mna waliolelewa na wasio wazazi wao na hawajaambiwa. Nenosiri likishatamkwa halirudi mdomoni."

"Sasa nitaingiaje usipokuwepo?"

Akanionyesha kisanduku kidogo kwenye skrini, kando yake maneno ya Kiingereza yenye maana ya "nikumbuke". Akakiwekea tiki. "Mashine hii italihifadhi yenyewe. Wewe utabofya tu. Itakuingiza bila kukuambia."

Halafu akaniuliza mama yangu alibatizwa wapi. Nikamwambia Rugu. Wazazi wa mama walitoka Rwanda, wakawa vibarua katika mashamba ya watu huko Rugu kabla ya kupata kipande chao. Mama hakuwahi kujua siku aliyozaliwa. Aliambiwa tu kwamba ilikuwa wakati wa kuvuna maharage. Kitabu cha zamani cha kigango cha Rugu kililiwa na mchwa, na nilidhani habari zake ziliishia humo.

Mama Katibu akaandika, akabofya, akanisogezea kompyuta. Aliwahi kukinakili kitabu kile kabla mchwa hawajakimaliza. Mstari wa mama ulikuwepo: jina lake, siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, majina ya babu na bibi, na mama wa ubatizo ambaye hatukuwahi kumsikia. Nilimpigia simu mama nikamsomea.

"Soma tena," akasema.

Nilisoma mara tatu.

Tulifanya kazi hivyo zaidi ya mwaka, yeye kule, mimi huku. Kisha, siku moja ya mvua za vuli, akipanda maharage nyumbani kwake Kituntu, Mama Katibu alianguka shambani. Ilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikufa ganzi, na ulimi ukafungwa. Alipelekwa hospitali, akalazwa wiki nyingi.

Baba Paroko alinipigia simu siku ya tatu.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele na amina, Baba."

"Kompyuta ya huku inadai nenosiri, na hapa hakuna anayelijua. Wewe bado unaingia?"

"Naingia, Baba."

"Basi nitajie."

"Silijui."

"Unaingia kila siku na hulijui?"

"Mashine ndiyo inayolijua, Baba. Mimi nabofya tu."

Tangu siku hiyo parokia nzima ilipitia kwenye meza yangu. Makatekista walipiga simu kutoka vigango vyote: huyu anataka kufunga ndoa, yule anamtafutia mtoto nafasi ya komunyo. Kila asubuhi nilibofya jina la Mama Katibu. Mama mwenyewe alikuwa kitandani, hawezi kutaja hata jina lake. Lakini jina lilelile lilipofika kwenye kompyuta ya ofisi kuu lilipokewa, mlango ukafunguka, ikaja picha aliyoiweka kwenye skrini, migomba ya nyumbani kwake ikiwa imelowa mvua. Nilijiona kama mtu aliyeachiwa nyumba na mwenyewe hayupo.

Mwezi wa tano wa hali hiyo, kompyuta yangu ilijisasisha. Kesho yake nilibofya kama kawaida, ikaja taarifa ambayo sikuwahi kuiona: nenosiri lililohifadhiwa halitatumika, andika upya. Chini yake palikuwa na nafasi tupu, na kistari kinawaka na kuzima.

Mbele yangu, kwenye benchi, alikuwa amekaa binti mmoja wa Rugu na mama yake mzazi. Matangazo ya ndoa yake yalikuwa yamesomwa mara mbili kanisani, na alihitaji cheti cha ubatizo. Kitabu chake kilikuwa kilekile kilicholiwa na mchwa.

Nilimpigia fundi Bukoba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Naweza kuvunja mlango wa kompyuta ya ofisi kuu," alisema. "Ila Mama Katibu alifunga na vitabu vyenyewe kwa nenosiri hilohilo. Nikivunja, utabaki na mafaili yasiyosomeka na mtu yeyote."

"Nakala hakuna?"

"Kuna ya zamani. Haifiki hata nusu."

Nilimwambia yule binti arudi baada ya siku mbili. Niliifunga kompyuta ndani ya kanga, nikapanda pikipiki kwenda Kituntu.

Mama Katibu alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia umelazwa mapajani. Binti yake, ambaye aliacha kazi ya duka mjini ili aje kumuuguza, alikuwa akimchambulia maharage kando.

"Shikamoo, Mama Katibu."

"Ego," akanijibu, yaani "ndiyo" kwa Kihaya, na macho yake yakajaa furaha.

"Ndilo neno lililobaki," binti yake aliniambia. "Ego kwa ndiyo, ego kwa hapana, ego kwa maji. Lakini tukianza rozari anasali Salamu Maria zote hamsini bila kukosea hata moja. Tukimaliza, maneno yanaondoka tena."

Nilimweleza Mama kilichonileta. Aliniangalia kwa makini, nikaona kwamba anaelewa kila kitu. Nilikuwa nimeandika alfabeti nzima kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Nikamwomba anionyeshe ya kwanza. Aligusa M, akatikisa kichwa. Akagusa T, akatikisa kichwa. Kidole kilizunguka juu ya karatasi kama mtu aliyepotea sokoni, na machozi yakaanza kumtoka.

Binti yake aliichukua karatasi taratibu. "Mwache apumzike, dada."

Niliona haya. Nilikuwa nimetoka Rugera kuja kumliza mgonjwa. Nikamwomba msamaha, nikakaa kwenye mkeka, nikafungua kompyuta nimwandikie Baba Paroko kwamba imeshindikana. Niliwasha intaneti ya simu. Dirisha la kuunganisha lilikuwa bado liko wazi tangu asubuhi, na ile nafasi tupu ikatokea, kistari kinawaka na kuzima.

"Ego," alisema Mama Katibu. Sauti ilikuwa nyingine, ya chini, ya mtu wa ofisini.

Alinyoosha mkono wa kushoto akaivuta kompyuta. Binti yake akaweka kigoda mbele yake, nami nikaiweka juu. Mama akanitazama, akasubiri. Nilichelewa kuelewa. Kisha nikageuka, nikaiangalia migomba.

Nilisikia kitufe kimoja, kimya, kitufe kingine. Ilichukua muda mrefu. Halafu mlio mdogo wa kukataliwa.

"Mama, inatosha," binti yake alisema.

"Ego," Mama alijibu, na hapo ilikuwa hapana.

Binti yake ndiye aliyenisimulia baadaye yaliyofuata, maana mimi sikugeuka. Anasema Mama aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua, akauweka juu ya kibodi mahali pake pa siku zote, kama unavyomrudisha mtoto kitandani. Akafumba macho. Mkono wa kushoto ukaanza kwenda, ukafanya kazi yake, ukavuka ukafanya na kazi ya mwenzake, ukarudi. Mimi nilisikia tu vitufe, na safari hii havikusita.

Kisha vitufe vikakoma. Nilipogeuka, migomba iliyokuwa mbele ya baraza ilikuwa pia kwenye skrini.

Mama Katibu hakuweza kuitambua herufi moja kwenye karatasi. Kama ningemuuliza hata leo nenosiri lake ni lipi, angeniambia ego. Lilikuwa halimo tena katika maneno yake. Lilihifadhiwa mahali pengine, mahali ambapo kiharusi hakikufika, na sijui kama kuna daktari anayeweza kunionyesha pale mahali kwa kidole. Nilifikiri juu ya bibi yangu, ambaye alisahau majina yetu sote kabla hajafa lakini akisikia ngoma miguu yake ilijua kucheza.

Mama Katibu mwenyewe hakuwa na muda wa kushangaa. Alikiongoza kishale mpaka kwenye kitabu cha Rugu, akakifungua, akanisogezea kompyuta nitafute. Jina la bibi arusi lilikuwepo. Nilimpigia fundi, akanielekeza hatua kwa hatua tukiwa palepale barazani. Kila mashine ilipodai nenosiri, niliangalia migomba na Mama akaandika. Kufikia saa kumi jioni vitabu vyote vilikuwa vimefunguliwa na kunakiliwa, na kompyuta ya ofisi kuu ilikuwa inawatambua watu wawili zaidi, Baba Paroko na mimi. Binti yake akatupakulia ndizi na maharage. Mama alikula kwa mkono wa kushoto, akamaliza sahani.

Ndoa ya yule binti wa Rugu ilifungwa Jumamosi iliyofuata. Mimi sasa nina nenosiri langu, na nimeandika nusu yake kwenye bahasha aliyonayo Baba Paroko, nusu nyingine iko kwa mama yangu. La Mama Katibu hatujalijua mpaka leo, wala hatujamwuliza.

Ninakwenda Kituntu kila mwisho wa mwezi na kompyuta, kumwonyesha niliyoyaingiza. Mazoezi yamemsaidia. Anasimama kwa fimbo, na maneno yanarudi moja moja, kwanza jina la binti yake, kisha chai. Mara ya mwisho alipitisha kidole kwenye mistari yangu polepole, ukurasa mzima, akasimama kwenye jina la baba wa mtoto mmoja. Nilikuwa nimeruka herufi.

"Bado," akasema.

Nikarekebisha, tukaendelea na ukurasa wa pili.